Ndama wa Zamu ya Genoveva

Hapa Mbuba tulimwita Genoveva Mama Shukrani, na nisikudanganye, nusu ilikuwa sifa na nusu ilikuwa kejeli. Mimi Recho ndiye niliyembandika jina hilo, kwa hiyo najua ninachosema.

Jumuiya yetu ndogo ya kanisa ina kaya kumi na nne. Tunakutana kila Jumatano saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba. Tukimaliza rozari na somo, kila mtu kwa zamu anataja jambo moja analomshukuru Mungu wiki hiyo. Wengi wetu tuna shukrani moja tuliyoikariri tangu Komunyo ya kwanza: uzima, pumzi, kuiona siku ya leo. Tunaisema haraka tukae. Genoveva hakuwa hivyo. Yeye alikuja na shukrani iliyopimwa. Upepo ulipoezua jiko lake, alishukuru kwa sababu ulichukua mabati matatu ukaacha moja, na hilo moja ndilo lililokuwa juu ya mafiga. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba yake na bwana shamba akamwamuru ang'oe mashina yote na kuyafukia, alishukuru kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na jembe liliingia ardhini bila ubishi. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini alikuwa anamaanisha.

Alizaliwa hapa hapa Ngara mwaka 1970, mtoto wa watu waliovuka mto kutoka Rwanda miaka kumi nyuma wakiwa na mkeka na chungu. Jina lake la nyumbani ni Mukeshimana. Aliwahi kuniambia kwamba mama yake alimfundisha kitu kimoja tu kuhusu kuishi na watu: mtu wa kuja analindwa na mikono yake na asante yake, hana kingine. Akakua hivyo, mchapakazi, mwenye asante mdomoni. Aliolewa na Niyonzima, fundi wa matofali, mtu mpole ambaye kifua kilimchukua mwaka 2017. Watoto wao wawili wa kiume walikwenda Kahama kutafuta maisha na bado wanayatafuta. Binti yao Ildefonsa alifariki mwaka 2020 akiacha mtoto wa miezi minne, Niyonsaba. Ndivyo Genoveva, akiwa na miaka hamsini, alivyoanza tena kubeba mtoto mgongoni huku anapalilia mihogo.

Katika hayo yote mtu wake alikuwa Anjelika. Nyumba zao zinatazamana, katikati ni njia tu. Walisoma darasa moja, wakapata kipaimara siku moja, na Anjelika ndiye mama wa ubatizo wa Ildefonsa. Ildefonsa alipozikwa, Anjelika alilala matangani wiki nzima, akimlisha Genoveva uji kwa kijiko. Hilo nalitaja makusudi, maana kuna watu siku hizi wanasema Anjelika hakuwahi kumpenda. Alimpenda. Mtu anaweza kukupenda na bado akakufanyia alilokufanyia, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa mpaka leo.

Mwaka ule ule wa 2020 parokia ilikuwa imeanzisha kikundi cha ng'ombe wa maziwa. Utaratibu ni rahisi. Mtu wa kwanza anapewa mtamba mwenye mimba. Ndama jike wa kwanza anayezaliwa si wake. Akishaachishwa kunyonya anakwenda kwa mtu wa pili, na wa pili naye atampa wa tatu vivyo hivyo. Tulipiga kura kwa punje za maharage ndani ya kofia ya katekista Juvenali. Anjelika akawa wa kwanza, Genoveva wa pili, mimi wa tatu. Kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, nikafanywa katibu: ng'ombe akizaa naandika, akiugua naandika, akifa nakwenda kumwona kwa macho yangu kisha naandika.

Tulijiwekea na desturi moja. Anayengoja zamu humkatia majani ng'ombe wa aliye mbele yake, ili mkono uzoee na ili asije akajiona amepewa bure. Genoveva alipanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, pale palipong'olewa migomba yake, na kila asubuhi alivuka njia na mzigo kichwani, Niyonsaba mgongoni. Akajenga banda kabla hata ndama hajazaliwa, sakafu ya mawe aliyoyaokota mwenyewe mtoni, hori la mbao. Tulipita tukamtania kwamba banda lake ni zuri kuliko nyumba yake. Na ilikuwa kweli. Migomba mipya isingeota kwenye udongo ule uliochoka bila samadi, na mtoto asingenenepa kwa uji mtupu. Ndama yule alikuwa maisha yake.

Siku moja ya Machi mwaka 2021, saa nane mchana, ng'ombe wa Anjelika alishikwa na uchungu. Modestus, mume wa Anjelika, hakuwepo. Yeye ni mfanyabiashara wa maharage na siku nyingi yuko njiani kwenda na kurudi Biharamulo. Anjelika akapiga kelele kuita. Genoveva alivuka mbio, akanawa mpaka kiwikoni, akajipaka mafuta ya kupikia, akaingiza mkono. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele. Alihangaika naye karibu saa nzima, akaunyoosha ule mguu, akaufunga kamba ya katani wakavuta wote wawili. Nilipofika, ndama amelala kwenye majani analambwa na mama yake, jike, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji. Kamba ilikuwa imemchuna ngozi kuzunguka mguu wa mbele wa kulia, juu kidogo ya kwato. Niliyaandika yote. Genoveva alikuwa amekaa chini, damu mpaka kifuani, anacheka peke yake.

Kwa siku nyingi baada ya pale alikwenda kumwosha ndama kidonda kwa maji ya chumvi. Jumatano ile alishukuru kwa mkono wake mwembamba. Alisema kwamba maisha yake yote ameambiwa amekonda, na kumbe Mungu alikuwa anamwandalia mkono wa kupita mahali pembamba.

Siku ya kumi na tisa Anjelika aliniita asubuhi. Ndama amekufa usiku, akasema, kwa ndigana, ile homa ya kupe. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma ya banda palikuwa na shimo lililofukiwa upya, na ukutani kulikuwa na ngozi ndogo nyeusi iliyowambwa kwa vijiti. Modestus alikuwepo, akanishikia daftari nilipokuwa natafuta kalamu. Ngozi ilikatwa miguu na kichwa, kama watu wengi wanavyofanya. Niliigusa. Baadaye nikakaribishwa ndani nikala ndizi na kuku, na nikaandika kwamba ndama jike, wa zamu ya Genoveva, amekufa kwa ndigana, nimethibitisha. Kisha nikavuka njia kwenda kumwambia mwenyewe.

Alikuwa anapepeta mtama, majani ya asubuhi bado hajayakata. Nilipomwambia, aliuweka ungo chini taratibu. Aliniuliza kama nimemwona. Nikamjibu kwamba nimeona kwa macho yangu. Akaingia jikoni akapika uji, akautia kwenye birika, akaenda kumpa pole Anjelika. Ndiyo, yeye ndiye aliyekwenda kumfariji.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyetaka kumwangalia. Zamu ilipomfikia, alisimama. Alishukuru kwa siku kumi na tisa ambazo ndama aliishi, na kwa rafiki yake Anjelika, aliyelia kuliko yeye. Anjelika akaangua kilio pale pale. Tukasema, tazama upendo wa hawa wawili. Katekista Juvenali aliutumia mfano huo kwenye mahubiri ya Jumapili mbili mfululizo, jinsi Mkristo anavyoshukuru kwa kila jambo.

Ng'ombe akazaa tena mwaka uliofuata, dume. Baada ya hapo hakushika mimba. Genoveva aliendelea kukata majani, maana zamu yake ilikuwa haijafutwa, ilisogezwa tu. Banda lake likabaki tupu, akaanikia mahindi humo. Kila asubuhi alipotua mzigo wa majani, Anjelika alimpa kikombe kimoja cha maziwa kwa ajili ya Niyonsaba. Hicho kikombe Genoveva alikishukuru jumuiyani mara ngapi sijui. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru Anjelika kwa jina, na Anjelika alikuwa akitazama chini na kusema si kitu, dada, si kitu. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Mei mwaka 2023 Modestus aliumwa tumbo ghafla akapelekwa hospitali, utumbo umejisokota, akapasuliwa. Siku tatu hakufungua macho. Anjelika alikuja jumuiyani amejifunga kanga vibaya, akapiga magoti katikati yetu akaweka nadhiri kwa sauti: mume wangu akipona, nitamtolea Bwana mtamba siku ya Mavuno. Tulisali novena, siku tisa, nyumbani kwa Genoveva, maana Anjelika alikuwa hospitali. Genoveva ndiye aliyeongoza. Siku ya tisa Modestus alikula uji.

Nadhiri ni nadhiri. Hapa kwetu mtu akikopa kwa jirani anaweza kukwepa, lakini aliyemwahidi Mungu mbele ya jumuiya akakwepa, hata kuku wake wakifa watu watasema ni ile nadhiri. Na Anjelika, baada ya gharama za hospitali, hakuwa na uwezo wa kununua hata mbuzi. Tukajiuliza mtamba atatoka wapi. Akasema Modestus ana rafiki yake Msukuma huko Biharamulo, Shilinde, mfugaji, atawasaidia. Tukasema Mungu ni mwema.

Jumapili ya Mavuno ilikuwa mwezi wa nane. Kanisa letu la kigango lilijaa mpaka nje, Padre alikuja kutoka parokiani, na uwanjani palikuwa na rundo la mikungu, maboga, magunia ya maharage, kuku waliofungwa miguu, yote yakingoja mnada baada ya Misa. Wenye shukrani maalumu huitwa kwanza. Anjelika na Modestus walikuja na mtamba mweusi mwenye doa kwenye paji, kama ng'ombe wengi, amefungwa utepe mweupe shingoni, anang'aa, mwenye nyonga za kuzaa. Aliyemshika kamba alikuwa Shilinde mwenyewe, amevaa koti zito kwenye jua, anatabasamu na kila mtu. Alikuja naye kwenye lori la mahindi. Aliwaambia waliokuwa karibu, kwa fahari ya mfugaji, kwamba aliletewa mtamba huyu akiwa kichanga cha wiki tatu hivi, kamnyonyesha kwa ng'ombe wake mwenyewe, na hata mimba aliyonayo sasa ni ya dume lake.

Vigelegele vilianzia kwa Genoveva. Alitoka mbele anacheza, kama anavyofanya siku zote, akavua kitenge cha bega lake akamtandika mtamba mgongoni. Kitenge kikateleza. Akainama kukiokota.

Hakuinuka. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na niliona alichokiona. Juu kidogo ya kwato ya mguu wa mbele wa kulia palikuwa na manyoya meupe, yamezunguka mguu kama bangili, kwenye ng'ombe ambaye miguu yake mingine yote ni myeusi. Mfugaji yeyote anajua kwamba kovu huota manyoya meupe. Genoveva aliushika ule mguu kwa mkono wake mwembamba, akapitisha kidole kuzunguka, na mtamba akatulia. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za Anjelika zilifika karibu mia tisa, lakini zilifika.

Katekista Juvenali hakuona kitu. Alikuwa ameshika kipaza sauti, na kwa kuwa ni desturi mtu mmoja kushukuru kwa niaba ya jumuiya, alimwita yeye. Nani mwingine? Mama Shukrani, njoo utusaidie, akasema, na watu wakaanza kucheka mapema, wakingoja neno lake. Genoveva aliinuka akakichukua kile kipaza sauti. Alimtazama Modestus, kisha Anjelika, na nadhani alimpa muda. Anjelika akanyoosha utepe shingoni mwa mtamba.

"Namshukuru Mungu kwa uhai wa Modestus," alisema. "Niliuomba siku tisa, nikapewa. Lakini kwa mtamba huyu sishukuru. Huyu ni ndama niliyeambiwa amekufa."

Watu walidhani ni mfano wa mahubiri. Wengine wakasema amina. Ilibidi arudie, polepole, akieleza kamba na mguu na kidonda, na Shilinde, maskini, asiyejua lolote, akaitikia kwa sauti kwamba ndiyo, alipoletewa alikuwa na kidonda hapo hapo. Ndipo watu walipoanza kusukumana wauone mguu.

Padre alituita sakristia: Anjelika na mumewe, Genoveva, katekista, na mimi kwa kuwa ni katibu. Modestus alianza kwa kukataa. Alisema ng'ombe weusi wenye doa ni wengi, makovu ni mengi. Anjelika alimgusa mkono anyamaze. Akaeleza yote akiwa amesimama, bila machozi safari hii. Kwamba walimtazama yule ndama alivyo mzuri wakasema ng'ombe atazaa tena, jike mwingine atafuata, wa Genoveva atakuja tu. Kwamba Modestus alimpakia kwenye gari chini ya majani ya migomba, akampeleka kwa Shilinde amtunzie, na ngozi aliinunua mnadani Biharamulo. Kwamba kila mwaka alisema mwaka huu atasema.

Genoveva alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu aliuliza swali moja.

"Katika watu wote wa jumuiya, Anjelika, kwa nini mimi?"

Nilitamani asijibu.

"Mwingine angegombana na mimi," alisema. "Wewe nilijua utashukuru tu."

Sijawahi kuona mtu akipigwa na neno likaonekana mwilini. Genoveva alikaa kwenye kiti cha watumishi wa altare, kile kidogo, akaitazama mikono yake. Alianza kulia. Hakulia hivyo kwenye matanga ya mumewe, wala ya Ildefonsa. Alilia kwa hasira, kwa sauti ya chini, na kati ya kilio alikuwa akitaja vile vikombe vya maziwa. Alisema amemshukuru mwizi wake kila wiki kwa miaka miwili, mbele za Mungu, na mwizi akamwambia si kitu, dada. Alisema asante yake, aliyopewa na mama yake imlinde, ndiyo iliyomfungulia mwizi mlango. Padre alijaribu kumwambia kwamba Mungu aliziona shukrani zile na hazikupotea. Alimjibu kwamba Mungu anajua, ila yeye kwa sasa hajui.

Padre aliamua haraka, na aliamua vizuri. Alisema altare haipokei sadaka ya wizi, mtamba arudi kwa mwenye zamu leo hii. Kisha alinigeukia mimi akauliza nani alithibitisha kifo. Nikasema niliona kaburi na ngozi. Ilikuwa kweli. Padre akaridhika, katekista akaridhika. Genoveva aliinua uso akanitazama, si kwa muda mrefu.

Mchana ule alimswaga mtamba mwenyewe mpaka nyumbani. Alitoa mahindi bandani, akamwingiza.

Jumatano zilizofuata alikuja jumuiyani kama kawaida, akasali, na shukrani zilipomfikia alisema neno moja: nipiteni. Tukampita. Kwa miezi mingi tukampita. Sikujua mpaka wakati ule jinsi ile zamu yake ilivyokuwa inatubeba; bila yeye, shukrani zetu zilisikika kama watoto wanaosoma majina ya mahudhurio. Anjelika naye alikuja, maana asipokuja angekwenda wapi, akakaa karibu na mlango. Genoveva humsalimia. Hanywi hata maji kwake. Njia kati ya nyumba zao, iliyokuwa imekanyagwa ikang'aa, imeota nyasi.

Mtamba akazaa Januari, jike. Kwa maana hiyo zamu ya kungoja ilikuwa yangu, na zamu ya kukata majani ilikuwa yangu tangu siku mtamba alipofika. Kila asubuhi nilipeleka mzigo. "Asante, Recho, weka hapo," Genoveva alikuwa akisema, na hakuongeza neno, mwanamke aliyekuwa akishukuru hata bati lililobaki. Asubuhi moja, akiwa amenipa mgongo anakamua, aliniuliza ngozi ile ilikuwaje. Nikasema ngozi tu, dada, nyeusi. Akaendelea kukamua.

Ningeweza kusema siku hiyo. Nilijua alichokuwa anauliza. Lakini nilikuwa nangoja ndama wake, na nikajiambia nikisema sasa nitampa sababu ya kuninyima. Mtu akitaka sababu ya kunyamaza hakosi.

Mwezi wa kumi, mvua za vuli zilipoanza, aliita kamati yote ya kikundi cha ng'ombe saa nne asubuhi nyumbani kwake. Ndama alikuwa ameogeshwa. Genoveva alimtoa bandani akanikabidhi kamba, wala hakuchelewesha hata siku moja baada ya kumwachisha.

"Mtazame, Recho," alisema. "Mshike miguu, mfungue mdomo. Usiandike kitu ambacho hujakiona."

Nilimshika miguu yote minne mbele ya watu. Nilianza kusema asante, akaniinulia kiganja. Alisema asante hiyo niitunze, jioni ni Jumatano, niitoe jumuiyani.

Jioni ile tulikuwa kwa katekista. Shukrani zilikuja zikizunguka, uzima, pumzi, siku ya leo, zikanifikia. Nilisimama nikashukuru kwa ndama. Kisha nikasema lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa habari hii, kama nilivyolizunguka miaka mitatu na nusu. Nilipoigusa ile ngozi asubuhi ile ilikuwa ngumu, kavu kabisa, inatoa sauti kama karatasi. Ngozi ya ndama aliyekufa usiku haikauki kabla ya saa tatu asubuhi. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nilijua nikiwa nimeishika. Nikamtazama Modestus, ambaye ni mtu mkubwa kanisani, nikanusa kuku jikoni, nikasema moyoni, kwani ndama ni wangu? Nikaandika nimethibitisha.

Zamu ilikuwa imefika kwa Genoveva, aliyekaa karibu nami. Nilingoja aseme nipiteni.

"Ngozi ile niliiona," alisema, akinitazama mimi tu. "Nilipopeleka uji. Niliiona ni kavu. Nikajiambia, Recho ametoka hapa sasa hivi, Recho ni katibu, lingekuwepo neno Recho angeniambia. Nikaona aibu kumdhania rafiki yangu mabaya. Nikaenda kushukuru."

Nilitaka kupiga magoti. Alinizuia kwa jicho. Alikunja mikono yake juu ya kanga, akafikiri, kama zamani alivyokuwa akifikiri kabla ya kutoa shukrani yake iliyopimwa.

"Nashukuru kwa mvua ya juzi," alisema. "Majani yataota."

Akageuza uso kumtazama Anjelika pale mlangoni, maana zamu ilikuwa yake.